Attracta Gilhooly na Kaburi la Malachy Tivnan

Attracta Gilhooly alisambaza barua katika kijiji cha Kilvarna, Ailandi, kwa miaka thelathini na mmoja, mingi kati ya hiyo akiwa juu ya baiskeli, mvua ikimpiga usoni. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono mikubwa na sauti ya chini, na hakuwahi kuolewa. Kazi ile ilimfundisha mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote. Alijua nyumba ipi ilikuwa ya nani kabla haijawa ya huyu wa sasa, na hata magofu aliyajua kwa majina ya wenyewe. Ukimwonyesha kuta mbili zilizobaki katikati ya miiba, angekuambia, "Hapo walikaa akina Meehan. Wote saba walikwenda Australia, na mama yao akabaki na kuku."

Alipostaafu, kazi nyingine ikamfuata nyumbani bila kuitafuta. Kila kiangazi Wamarekani walikuja kugonga mlango wa padri, wakitafuta mababu. Padri wa wakati huo alikuwa mtu wa kupenda chakula chake kikiwa moto, na wageni wale walikuwa na kipaji cha kugonga wakati viazi ndiyo kwanza vinaepuliwa. Siku moja alimkabidhi Attracta ufunguo wa kabati la sakristia, kile chumba cha padri kanisani, lenye madaftari ya ubatizo na ndoa, akamwambia, "Wewe unawajua wafu wetu kuliko mimi. Wahudumie."

Basi akawahudumia. Meza ya jikoni kwake ikajaa madaftari ya shule ambayo ndani yake alichora koo, jina chini ya jina, kwa kalamu ya risasi. Walikuja watu wa Boston, wa Chicago, wa Melbourne, na mara moja mzee mmoja kutoka Ajentina asiyejua neno la Kiingereza, naye alilia mbele ya kisima cha mababu zake. Attracta hakutaka malipo. Mtu akileta keki, aliipokea, tukaila sote. Nasema sisi kwa sababu mimi ni jirani yake, ukuta kwa ukuta, na hili ninalolisimulia sehemu yake niliiona kwa macho yangu.

Ilikuwa Juni ya mwaka 2008, siku ya Jumatano. Gari dogo la kukodi lilisimama mbele ya nyumba yake, likaegeshwa vibaya kama wageni wanavyoegesha, na kutoka ndani yake akashuka mwanamke wa miaka sitini na kitu, nywele nyeupe zimekatwa fupi. Aliitwa Loretta Tivnan. Alitoka Butte, Montana, mji wa machimbo ya shaba ambako watu wetu wengi walikwenda kuchimba.

Attracta akamweka karibu na moto, akammiminia chai, akamkatia mkate wa magadi. Loretta akatoa bahasha. Ndani mlikuwa na picha ya kijana mwenye koti lililombana mabegani, na cheti cha ndoa cha mwaka 1912: Malachy Tivnan, mzaliwa wa Kilvarna, kaunti ya Leitrim, na Hanora Shea.

"Huyu ni babu yangu," Loretta alisema. "Mwaka 1917 kazi iliharibika Butte. Akamwambia bibi anakwenda kutafuta kibarua machimbo ya magharibi zaidi, akipata atatuma habari. Hakutuma. Aliacha watoto watatu; baba yangu alikuwa na miaka mitatu. Watu wakasema amekufa, wengine wakasema amepata mwanamke, wengine wakasema amerudi kwao Ailandi. Bibi alikataa kuvaa nguo nyeusi. Alisema mume wake hajafa, amechelewa tu."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nataka kujua kabla sijafa. Hata kama ni baya."

Hapo Attracta alifanya kosa ambalo alilijutia kwa muda mrefu. Jina lile alilijua. Kaburi la Malachy Tivnan lilikuwa mita chache kutoka lango la kanisa, na alikuwa amelipita maelfu ya mara. Zaidi ya hayo, alijua kwamba marehemu yule pale kwetu aliitwa Mmarekani. Hata mwanawe Dominick, mzee aliyeishi peke yake juu mlimani, bado watu walimwita Dominick wa Mmarekani. Attracta, kama sisi sote wa umri wake, aliamini kwamba mzee yule alikwenda Amerika ujanani, akarudi, akaoa. Jina lake si ndilo lililosema hivyo?

Furaha ya kupata jibu haraka ilimtangulia. Hata chai haikuisha. Alimchukua mgeni mpaka makaburini, akamsimamisha mbele ya jiwe. Loretta akasoma kwa sauti: Malachy Tivnan, 1886 hadi 1951, na mkewe Kathleen.

"Hapa kwetu tulimwita Mmarekani," Attracta akasema.

Loretta akainama akalisoma tena jina la mwisho. Kisha akauliza, "Huyu Kathleen alimwoa lini?"

"Elfu moja mia tisa thelathini na moja. Nimeiona ndoa yao kwenye daftari."

"Bibi yangu alikuwa hai," Loretta alisema taratibu. "Alikuwa anafua nguo za wachimbaji. Alikuwa anamngoja."

Ndipo Attracta akaona alichokifanya. Alijaribu kusema labda, huenda, tungoje kwanza, lakini neno likishatoka halirudi. Loretta alimshukuru kwa adabu, akasema atarudi mjini kwenye nyumba ya wageni, na kwamba atajaribu kubadilisha safari yake aondoke Jumamosi. Gari likaondoka polepole, kama la mtu anayeendesha bila kuona barabara.

Jioni ile Attracta alikuja kwangu bila hata kuvaa koti. "Nimemchukua mwanamke wa watu nikamvunja mbele ya kaburi," alisema. "Amevuka bara na bahari ili mimi nimwambie babu yake alikuwa mhuni."

"Na kama ni kweli?"

"Kama ni kweli ni kweli. Lakini sina hakika, na nimesema kama mwenye hakika."

"Umemuuliza Dominick?"

Alinitazama. Hakuwa amemuuliza. Hakuna aliyekuwa akimuuliza Dominick kitu. Alikuwa mtu wa miaka sabini na minne, mkali, anayeshuka kanisani Jumapili na kupanda tena kwa ng'ombe wake kabla watu hawajasalimiana. Mara moja aliwahi kumfukuza mtu wa Philadelphia kwa kumfungulia beberu.

Asubuhi yake Attracta alifungua kabati la sakristia, akatafuta watoto wote wa nyumba ile ya Tivnan. Malachy alibatizwa mwaka 1886. Dada wawili walifuata, wakafa wachanga. Kisha 1889, Fintan. Alimfuata Fintan ukurasa kwa ukurasa. Hapakuwa na ndoa. Hapakuwa na mazishi. Wala pembeni hapakuwa na yale maandishi madogo ambayo mapadri wa zamani waliandika mtu akihama. Kijana alibatizwa, akapokea komunyo ya kwanza, akapotea kama moshi. Alipokuja kuniambia, mikono yake ilikuwa na vumbi mpaka kwenye viwiko.

"Washa gari," alisema. "Tunakwenda mlimani."

Dominick alituona tukifika akasimama mlangoni, mikono mfukoni. Mbwa wake naye alisimama vilevile.

"Kama ni mchango wa paa la kanisa, nimeshatoa," alisema.

"Si paa," Attracta akajibu. "Kuna mwanamke wa Marekani. Tivnan."

"Nilijua tu. Mwambie hapa ni mawe na kinamasi. Akitaka achukue mawe."

"Hataki shamba, Dominick. Anataka babu."

"Babu yake ananihusu nini mimi?"

"Anaitwa Malachy Tivnan wa Kilvarna. Na mimi, kwa ujinga wangu, nimempeleka kwenye kaburi la baba yako. Sasa anaamini baba yako alitelekeza mke na watoto watatu kule Amerika, akaja kuoa tena hapa."

Nilidhani atafunga mlango. Badala yake alitoa mikono mfukoni. "Baba yangu? Amerika? Baba yangu hakuwahi kupita stesheni ya Dromod!"

"Sasa mbona mlikuwa mnamwita Mmarekani?"

"Sisi? Ninyi ndio mliomwita! Kijiji chenu kizima! Ingieni ndani, mnaingiza baridi."

Nyumba yake ilikuwa safi kuliko nilivyotarajia. Alitupa vipande viwili vya udongo mkavu wa kinamasi motoni, ambao ndio kuni zetu, akakaa, akatusimulia jambo ambalo inaonekana lilikuwa limengoja ndani yake kwa miaka mingi.

Mwaka 1907 mjomba wao aliyekuwa Boston alituma tiketi ya meli kwa Malachy, mtoto mkubwa. Wakamfanyia mkesha kama ilivyokuwa desturi, ule wa anayekwenda Amerika, ambamo watu hucheza na kulia pamoja kwa sababu anayekwenda ni sawa na aliyekufa. Kulipopambazuka Malachy akatembea maili tisa mpaka Dromod, na mdogo wake Fintan akamsindikiza, amembebea sanduku. Treni ikaingia. Malachy akatazama mlango wa behewa, na miguu ikakataa. Akakaa juu ya sanduku.

"Baba alisema hakuogopa bahari," Dominick alieleza. "Hakujua aliogopa nini. Fintan akamwambia, inuka, treni inaondoka. Baba akasema siwezi. Fintan akamwambia mara ya pili. Kisha akamwambia, basi toka kwenye sanduku. Akachukua sanduku, akachukua tiketi, akamvua koti kwa sababu karatasi zilikuwa mfukoni. Akapanda. Miaka kumi na minane. Hakumuaga mama yake, maana alipotoka nyumbani hakuwa anakwenda popote."

Attracta aliuliza kwa upole, "Na baba yako?"

"Alirudi kwa miguu. Akajificha bondeni mpaka wageni wa mkesha walipoondoka. Mama yake alikuwa uani. Alipomwona akapiga kelele za furaha, akamkimbilia, akamkumbatia. Ndipo akauliza, Fintan yuko wapi?" Dominick alisugua goti lake. "Baba alisema hilo la kuuliza angeweza kulibeba. Lililomshinda ni kwamba mama alifurahi kwanza."

Kijiji hakikumwacha. Watoto walimfuata barabarani: Mmarekani, hujambo! Mmarekani, New York kukoje? Waliomtania walikufa, watoto wao wakalirithi jina bila kurithi sababu, na kufikia wakati wetu sisi tulilitamka kama sifa.

"Mbona hukusema kitu miaka yote hii?" nilimuuliza.

"Nani aliniuliza?"

Kisha akainuka, akaishusha ukutani picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, na nyuma yake akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa barua ya padri mmoja wa mji mdogo wa machimbo huko Idaho, ya Novemba 1918, wakati mafua makubwa yalipokuwa yakiua watu duniani kote. Ilikuwa fupi, yaonekana padri yule alikuwa na nyingi za kuandika. Alimwarifu mama Tivnan wa Kilvarna kwamba mwanawe Fintan, anayejulikana mgodini kama Malachy, alifariki kwa homa baada ya kupewa mafuta matakatifu. Alipokaribia mwisho alitaja jina lake halisi na kwao. Alikuwa ameshafunga mzigo wake wa kurudi kwa mkewe na watoto, lakini homa ilimkata kauli kabla hajataja mji waliko.

"Baba alimwomba mwalimu aandike Boston kwa mjomba kuuliza," Dominick alisema. "Mjomba alikuwa amekufa, barua ikarudi. Hakujua pengine pa kuuliza. Kila Novemba aliwaombea misa Fintan na watu wake. Na watu wake, alikuwa akisema hivyo, kwa sababu hakujua majina."

Attracta aliisoma barua mara mbili. Alitoa kitambaa, akapenga, akasema, "Dominick, kesho utakuwa na mgeni."

"Kesho nina ng'ombe."

"Ng'ombe watakuwepo keshokutwa."

Alikwenda mjini siku ileile. Kuna watu ambao wangebeba habari njema ile mbele kama ngao, kosa lao lisionekane. Attracta alianza na kosa. Loretta alimpokea ukumbini mwa nyumba ya wageni, akiwa ameshapata safari ya Jumamosi.

"Jana nilikuambia jambo nisilolijua," Attracta alisema. "Nimekuja kuomba radhi kwanza, halafu nikuambie ninalolijua leo."

"Sikulala, mama," Loretta alijibu. "Nimelala ujana wangu wote bila kujua, lakini jana ndiyo sikulala."

"Najua. Mimi pia."

"Hilo halinisaidii."

"Hapana. Halikusaidii."

Attracta aliniambia baadaye kwamba Loretta alimvutia kiti. Ndipo yeye akamweleza kuhusu stesheni, sanduku na koti. Loretta aliitoa ile picha ya kijana, akalitazama koti lililombana mabegani, akalitazama tena.

Ijumaa tulipopanda mlimani, Dominick alikuwa amenyoa ndevu na kujikata mahali pawili. Alivaa tai. Mezani palikuwa na kitambaa cheupe, na jikoni nyama ya nguruwe ya chumvi ilikuwa ikichemka na kabichi. Loretta alisimama mlangoni, asijue ampe mkono au amkumbatie.

Dominick akamtazama kwa muda. "Masikio," akasema.

"Nini?"

"Masikio ya kwetu hayo. Pole sana. Ingia."

Loretta alicheka, na kicheko kikageuka kuwa kilio, na Dominick, ambaye sidhani alikuwa amemgusa mtu tangu mazishi ya mama yake, alimpigapiga begani kama mtu anavyomtuliza ndama. Alimpa barua. Loretta akaisoma karibu na dirisha. Alipofika kwenye mzigo uliofungwa aliweka kidole hapo, akabaki nacho.

"Bibi alifariki mwaka arobaini," alisema hatimaye. "Angalimpa mtu chochote kwa mstari huu mmoja."

"Ulikuwa hapa," Dominick akasema. "Ulikuwa nyuma ya picha. Hatukujua pa kuupeleka."

"Unamkasirikia baba yako?"

Alifikiri. "Nilipokuwa kijana, ndiyo. Lakini asingekaa juu ya lile sanduku, mimi nisingekuwepo. Wala wewe. Sasa utamkasirikia nani? Kula, viazi vinapoa."

Hakuondoka Jumamosi. Alikaa wiki mbili, na siku nyingi alishinda mlimani akivaa mabuti ya Dominick yaliyomzidi, akijifunza majina ya mashamba. Alimpigia simu kaka yake Butte, naye anaitwa Malachy. Kaka akauliza, "Kwa hiyo mimi nimepewa jina la mtu aliyeshindwa kupanda treni?" akacheka mpaka akakohoa.

Mwaka uliofuata Loretta alikwenda Idaho. Alipata safu ya makaburi ya wakati wa mafua yasiyo na majina, na karani mmoja mzee aliyemsaidia kupekua. Hawakuweza kujua lipi ni lake, basi akaweka jiwe mwanzoni mwa safu, na jina Fintan. Dominick naye alimwita fundi wa mawe, jina la Fintan likachongwa Kilvarna chini ya la kaka yake. Walizungumza kwa simu kila Jumapili. Niliwahi kuwasikia: ilikuwa mvua, ng'ombe, goti, theluji, mvua. Dominick alipofariki, miaka mitano baadaye, Loretta alivuka bahari kwa mazishi, akaketi benchi la mbele, mahali pa familia, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Attracta alibadilika kidogo. Hakuacha kazi ile, lakini tangu hapo mgeni akija na jina, hampeleki popote siku ya kwanza. Anampa chai, anaandika, anasema, "Rudi kesho." Halafu anatoka kuuliza walio hai kabla ya kuwaendea wafu.

Na vuli ya mwaka ule wa Loretta alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Ana kaka, Enda, fundi wa mabomba aliyekwenda Coventry akiwa na miaka kumi na sita. Walikuwa hawajaonana kwa miaka kumi na moja, na kabla ya hapo walionana mazishini tu. Attracta alichukua basi, kisha meli, kisha treni, akagonga mlango wake na daftari la shule mkobani.

Enda alifungua, akamwona, akashika mwimo wa mlango. "Nani amekufa?"

"Hakuna. Nimekuja kukuuliza mambo."

"Mambo gani?"

"Yako. Ulipofika hapa ulilala wapi usiku wa kwanza?"

Aliniambia kwamba Enda, slipa miguuni, alisema hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hilo, hata mkewe. Attracta alikaa huko siku nane na kujaza daftari zima na nusu ya la pili. Angekaa zaidi, ila mume na mke kutoka Nyuzilandi walikuwa wameshafika Kilvarna, na walikuwa wanagonga mlango wa padri saa ya chakula.